Magoli 113 na Goli Moja: Lewiston Ndani na Nje ya Ligi Yake

Mwaka 2015 timu ya soka ya wavulana ya shule ya sekondari ya Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ilimaliza msimu bila kupoteza mchezo, ikiwa imefunga magoli 113 na kufungwa 7. Karibu kila anayeitaja timu ile huanzia kwenye hesabu hiyo, na huishia hapo. Mimi, niliyewahi kuwa mwalimu wa michezo katika shule ya kutwa nchini Kenya kabla sijahamia huku, naona kwamba hesabu hiyo inatueleza habari za wapinzani wao kama inavyotueleza habari zao wenyewe. Mchezo uliowapa ubingwa wa jimbo, uliochezwa Portland mwezi Novemba dhidi ya shule ya Scarborough, uliisha kwa goli moja bila. Timu iliyozoea kufunga zaidi ya magoli sita kwa wastani ilipata moja tu, ikalilinda mpaka kipenga cha mwisho. Umbali uliopo kati ya ile sita na hii moja ndiyo habari yenyewe, kwa maoni yangu, na ni watu wachache sana wanaoshughulika nayo.

Kwanza lazima nieleze jinsi mashindano yenyewe yalivyopangwa, kwa sababu msomaji aliyekulia kwenye michezo ya shule ya kwetu atatafuta ngazi anazozijua na hatazikuta. Kenya, shule huanzia kwenye kanda, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, mkoa, kisha taifa, na mara nyingi timu bora ya pili nchini hutolewa mapema na timu bora ya kwanza kwa sababu tu zimetoka kaunti moja. Maine mambo ni mengine. Kila shule imo katika ligi ya majirani, ambamo hucheza ratiba ya kawaida tangu shule zinapofunguliwa hadi katikati ya Oktoba, na Lewiston imo katika Kennebec Valley Athletic Conference, inayojulikana zaidi kama KVAC, pamoja na shule kama Bangor, Brunswick, Edward Little, Mt. Ararat na Hampden Academy. Shule za kusini, yaani Portland na vitongoji vyake, zina ligi yao iitwayo SMAA. Juu ya mgawanyo huo wa ujirani umewekwa mwingine wa madaraja, A hadi D, unaofuata idadi ya wanafunzi wa shule, na huo ndio unaoamua nani atakutana na nani katika hatua ya mtoano. Bingwa wa kaskazini wa daraja A hucheza na bingwa wa kusini, na mshindi huwa bingwa wa jimbo. Kwa hiyo shule ya kaskazini inaweza kupita msimu mzima pasipo kukutana hata mara moja na shule itakayokabiliana nayo kwenye fainali.

Nafasi ya kuingia mtoano nayo haipatikani kwa kuhesabu ushindi na sare peke yake. Maine hutumia mfumo uitwao Heal Points, ambao msingi wake ni kwamba ushindi dhidi ya timu inayoshinda mara nyingi una thamani kubwa kuliko ushindi dhidi ya timu inayofungwa kila wiki. Ni mfumo wenye akili. Tatizo lake ni lile la kipimo chochote kinachotumika ndani ya duara lililofungwa, yaani alama hutoka kwa wapinzani, na wapinzani nao wamepata alama zao kwa kuchezana wenyewe kwa wenyewe. Ligi nzima ikiwa dhaifu, mfumo hauwezi kulisema hilo. Utatuambia nani ni wa kwanza na nani wa saba, lakini hautatuambia huyo wa kwanza ana uwezo gani mbele ya watu asiowajua.

Lewiston yenyewe ni mji wa pili kwa ukubwa Maine, wenye watu zaidi ya 37,000, uliojengwa kando ya mto Androscoggin kwa ajili ya viwanda vya nguo. Waliofanya kazi katika viwanda hivyo walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa kutoka Quebec, na wajukuu wao ndio waliojaza shule hii kwa vizazi kadhaa. Mchezo wao ulikuwa hoki ya barafu, ambayo shule ya Lewiston na jirani yake ya Kikatoliki, St. Dominic, zimetwaa mataji mengi mno. Hata pambano la Muhammad Ali na Sonny Liston la tarehe 25 Mei 1965, lililokwisha katika raundi ya kwanza na ambalo mashabiki wa ndondi hawajaacha kulibishania, lilifanyika mjini humo katika ukumbi wa barafu wa St. Dominic. Soka ulikuwa mchezo wa vijana wasiotaka kusubiri majira ya baridi. Viwanda vikafungwa, mji ukapungua watu, na kuanzia mwaka 2001 familia za Kisomali zilizokuwa zimepelekwa kwanza katika miji mingine ya Marekani zikaanza kuhamia Lewiston, kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi na mji ulikuwa mtulivu.

Mapokezi hayakuwa mepesi. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kasi ya kuja, na Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano mjini, ambao ulizidiwa mbali na umati wa wakazi waliokusanyika kuupinga. Baadaye wakaja Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma mwaka 2002 kabla ya kuletwa Marekani. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji, na wapo miongoni mwao wanaozungumza Kizigula mpaka sasa. Watoto waliozaliwa au kulelewa katika kambi za Kenya walisoma kwa mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwemo. Ndiyo maana timu ya 2015, iliyokuwa na wachezaji kutoka nchi mbalimbali pamoja na wenyeji wa Maine, ilikuwa na kiitikio cha Kiswahili, "pamoja ndugu", kilichosikika uwanjani katika jimbo ambalo wakazi wake zaidi ya asilimia 90 ni Wazungu.

Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Husema kwamba shule ilipata Waafrika, Waafrika wanajua mpira, basi ikashinda. Maelezo hayo siyapendi, na si kwa sababu ya adabu peke yake. Hayaelezi kwa nini miaka zaidi ya kumi ilipita kati ya kuhamia kwa familia za kwanza na ubingwa wa kwanza wa soka katika historia ya shule hiyo. Hayaelezi pia kwa nini shule nyingine zilizopokea wahamiaji hazikupata matokeo yale. Vijana walikuwapo kwa muda mrefu. Kilichochukua muda ni shule kujifunza namna ya kuwafikisha uwanjani, kisha kuwaacha wacheze wanavyojua.

Kuwafikisha uwanjani si jambo dogo Marekani. Soka ya vijana huku ni mchezo wa kulipia. Mtoto wa kitongoji chenye uwezo huingia klabu akiwa na miaka saba au minane, mzazi hulipa ada ya mwaka, hununua sare, humpeleka kwa gari kwenye mashindano ya mbali, na kufikia umri wa sekondari mtoto huyo ameshachezea makocha wa kuajiriwa kwa miaka mingi. Scarborough na shule kadhaa za SMAA hupokea vijana wa aina hiyo. Familia inayokaa nyumba ya kupanga katikati ya Lewiston, yenye watoto sita na gari moja au isiyo na gari kabisa, haiwezi kushindana katika soko hilo. Vijana wake walijifunza kambini, kwenye vumbi, kisha kwenye viwanja vya wazi vya mjini, ambako mdogo hucheza na mkubwa na anayepoteza mpira hovyo hapewi tena. Kwa jicho la ualimu, mafunzo hayo yana faida ambayo klabu za kulipia huitafuta kwa shida: mchezaji hugusa mpira mara nyingi zaidi, hucheza katika nafasi finyu, na huamua mwenyewe bila mtu kumpigia kelele kutoka kando ya mstari. Yana upungufu pia, nao una uzito ule ule. Hayafundishi kurudi kukaba upande usio wako, wala kucheza dakika 80 kwa mpango mmoja.

Kocha Mike McGraw, mwalimu wa shule hiyo aliyekuwa ameiongoza timu kwa zaidi ya miaka 30 kufikia 2015, alikuwa amezoea soka la Maine la zamani, la nguvu, mbio na mipira mirefu. Ninachomsifia ni kwamba alibadilika akiwa na umri ambao walimu wengi wa michezo ninaowajua, wa huku na wa kwetu, huwa wameshafunga daftari. Aliona kwamba vijana wake wanapeana pasi fupi za haraka zisizohitaji maelekezo yake, akaacha kuwalazimisha kupiga mipira mirefu, na akabaki na kazi ambayo wao hawakuja nayo, yaani nidhamu ya nafasi, uvumilivu na kutolipiza. Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Wachezaji wale walitukanwa viwanjani na majukwaani kwa rangi yao na dini yao, na kadi nyekundu moja ya hasira ingeweza kuharibu msimu. Alikuwa pia na msaidizi Msomali, Abdijabar Hersi, aliyeweza kuzungumza na wazazi kwa lugha yao. Nimeshuhudia mara nyingi, tangu nikiwa Kenya, mchezaji mzuri akipotea kwa sababu baba yake hakuelewa kwa nini mtoto anachelewa kurudi nyumbani, na hakuna aliyekwenda kumweleza.

Liko pia suala la umri, ambalo wapinzani walilishupalia sana na bado hulinong'ona. Wakimbizi wengi wasio na vyeti vya kuzaliwa huandikiwa Januari 1 kuwa tarehe yao ya kuzaliwa, na mtu anayesoma orodha ya wachezaji akakuta Januari 1 mara tano hushuku mara moja kwamba anadanganywa. Ukweli ni kwamba kanuni za michezo ya shule huwabana wakimbizi kuliko wenyeji. Kuna ukomo wa umri, na mwanafunzi hupewa miaka minne tu ya kucheza kuanzia anapoingia darasa la tisa. Kijana aliyefika akiwa na miaka 17 akawekwa darasa la tisa kwa sababu ya Kiingereza hufungiwa mlango kabla hajamaliza shule, hata kama ndiye mchezaji bora mjini. Lewiston imepoteza wachezaji kwa namna hiyo, na hakuna takwimu ya magoli inayowaonyesha.

Turudi kwenye ligi. Mwaka 2014 Lewiston iliitawala KVAC, ikapita upande wake wa mtoano, ikafika fainali ya jimbo, ikafungwa na Cheverus, shule ya Wajesuiti ya Portland inayoshiriki SMAA. Waliosema kwamba ilikuwa bahati mbaya hawakutazama ratiba. Timu iliyokuwa ikiongoza kwa magoli manne kufikia mapumziko, wiki baada ya wiki, haikuwa na nafasi ya kujifunza mambo ambayo hujifunzwa tu katika mchezo mgumu: kutulia ikiwa nyuma, kutumia vizuri nafasi mbili zinazopatikana katika dakika 80, na kujua ni beki gani hupoteza akili anapobanwa na washambuliaji wawili. Safari ya basi ya karibu kilomita 170 kwenda Bangor huchosha miguu, lakini ukienda kushinda kwa urahisi, hutarudi na kitu kipya kichwani.

Msimu uliofuata, McGraw na wasaidizi wake walilichukulia somo hilo kwa uzito. Magoli 113 huwafanya watu wasahau zile saba. Katika ligi ambamo timu yako ina mpira karibu muda wote, jaribu kubwa la mabeki ni uvivu, kwa sababu hawana kazi, na goli la kujifurahisha dhidi yao halibadilishi matokeo ya mchezo. Timu iliyokubali magoli saba tu msimu mzima katika hali hiyo ilikuwa ikijilinda dhidi ya mpinzani ambaye bado hajafika. Alipofika, naye ni timu ya Scarborough, mambo yalikwenda kama mtu aliyetazama ratiba angetarajia. Mianya ilikuwa michache na pasi fupi zilikatizwa. Walikuwa nayo pia mipira ya kurusha, ambayo mchezaji mmoja aliirusha kwa kupinduka sarakasi ili ifike golini kama kona. Goli moja likapatikana na likatosha.

Lewiston ikatwaa tena ubingwa mwaka 2017 na 2018, mataji matatu katika misimu minne, na katika kipindi hicho KVAC ikaanza kubadilika. Makocha wa shule nyingine waligundua kwamba huwezi kuizuia Lewiston kwa mbio na ubavu, wakaanza kufundisha kumiliki mpira, na wakaanza kuwatafuta vijana wao wenyewe ambao hawakuwa wakijitokeza kwenye majaribio ya timu. Sidai kwamba ligi yote imekuwa ngumu. Bado kuna michezo ya magoli manane, na binafsi sioni faida yake kwa mshindi wala kwa mshinde. Lakini ngazi ya katikati imepanda, na hilo ndilo humsaidia kiongozi wa ligi kuliko taji la ligi lenyewe.

Kusini nako hakukusimama. Juni 2019 waomba hifadhi zaidi ya 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa siku chache na kulazwa katika ukumbi wa michezo wa Expo kwa sababu makazi ya dharura ya jiji yalikuwa yamejaa. Watoto wao wakaingia shule za Portland na Deering na za vitongoji vya jirani, wakiwa na soka la Kinshasa, Lubumbashi na Luanda. Yale yaliyoipa Lewiston sifa yakazidi kuenea jimboni. Watu wa Lewiston huniambia kwa unyonge kidogo kwamba sasa ushindani umekuwa wa kweli, nami huwajibu kwamba hilo ni jambo la kufurahia, ingawa nakubali kwamba ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa sina mtoto kwenye timu.

Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliua watu 18 mjini Lewiston, na michezo ya shule ikasimama katikati ya hatua ya mtoano huku mji mzima ukiwa umeamriwa kubaki ndani. Ilipoendelea, timu ya soka ya wavulana ilipita upande wake na kuishinda Deering kwenye fainali ya daraja A. Yaliyoandikwa wakati huo yalihusu majonzi ya mji, kama ilivyostahili. Kimchezo, kilichonigusa ni kuona bingwa wa kaskazini na bingwa wa kusini wakiwa shule mbili za mijini zilizojaa watoto wa wahamiaji, huku shule za vitongoji vya soka la kulipia zikiwa zimetolewa.

Ombi langu kwa wanaopanga ratiba ni dogo na halina gharama kubwa. Lewiston na Portland zimetengana kwa mwendo wa gari usiofika saa moja, karibu mno kuliko Bangor. Michezo kati ya shule kubwa za KVAC na za SMAA ingefaa iwe mingi zaidi katika ratiba ya kawaida, na iwekwe Septemba, wakati kocha bado ana majuma ya kusahihisha anachokiona. Heal Points zingepata cha kupima, timu ya kaskazini ingejua mapema ni wapi inavuja, na timu ya chini ya msimamo ingepunguziwa mchezo mmoja wa kufungwa magoli manane. Basi la kwenda Portland ni la bei nafuu kuliko la Bangor, na mazoezi ya jioni ya siku hiyo hayapotei.